Kuchomelea kwa waya bila gesi: Mambo ya kujua kabla hujawasha mashine

Umenunua mashine ya kuchomelea inayotumia waya, muuzaji akakwambia haihitaji mtungi wa gesi. Ni kweli, ila ina masharti yake. Ukiyaruka, geti litaonekana limeshika kumbe limeshika juu juu tu.

Inafanyaje kazi?

Waya wake una uwazi ndani, kama mrija mwembamba uliojazwa unga uitwao fluksi. Waya ukiyeyuka, unga huo hutoa gesi inayozuia hewa isiharibu chuma cha moto, kisha huacha ganda juu ya mshono. Ganda hilo ndilo slagi. Teknolojia hii ilianza miaka ya 1950.

Zipo aina mbili. Moja inajitosheleza, nyingine bado inataka gesi ya kaboni dioksidi, au mchanganyiko wake na agoni. Soma boksi kabla hujalipa. Kwa kazi za nje chagua inayojitosheleza, maana upepo hauisumbui sana.

Wengi wanakosea wapi?

Kwenye chanya na hasi. Waya mwingi usiotumia gesi hutaka tochi iwe kwenye hasi (-) na kibanio kwenye chanya (+). Mashine iliyokuwa ikitumia waya wa kawaida na gesi huwa imefungwa kinyume chake. Usipobadilisha, cheche zinaruka hovyo na mshono unakuwa dhaifu. Fuata maelekezo ya kwenye boksi la waya.

Ukianza kazi

- Safisha kutu, rangi na mafuta.
- Usikaze sana rola, waya utabonyea.
- Acha waya utokeze kama milimita 12 hadi 20.
- Vuta tochi, usiisukume. Ukisukuma, slagi inanasa ndani.
- Gonga slagi na upige brashi kabla ya kurudia mstari.

Moshi usiuchukulie poa

Njia hii ina moshi mwingi. Mwaka 2017, wakala wa utafiti wa saratani wa WHO uliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la visababishi vya saratani. Fanya kazi penye hewa na usiinamie moshi. Vaa kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi, miwani ya jua si kinga. Bomba lenye zinki likwangue kwanza, moshi wake huleta homa na kutetemeka.

Jipime kwanza

Chomelea vipande viwili vya chuma chakavu, vibane kwenye jiliwa, kisha vipinde kwa nyundo. Mshono ukiachia kirahisi, geti la mteja lisubiri kwanza.