MUBIRIZI: UCHUNGU NA KIPIMO CHAKE

Hapa kwetu Bushi, lupango nyingi za zamani ziko na mubirizi kwenye uzio. Majani yake ni machungu kama nyongo, na kwa nyongo wazee waliutumia: mtu akiwa na macho ya manjano, tumbo zito na hana hamu ya chakula, walisema ini lake limechoka. Walimpondea majani katika maji, akanywa asubuhi mbele ya kula. Malaria na minyoo vilevile.

Mfaransa Delile aliuandika mti huu mwaka 1826 kwa jina la Vernonia amygdalina. Lakini mbele ya kitabu chake mataifa yetu yaliujua. Rwanda na Burundi wanasema umubirizi. Nigeria na Kameruni wanaosha majani mara nyingi mpaka uchungu upungue, halafu wanayapika mboga, sawa sisi na sombe.

Mwaka 1987, huko Mahale, ng'ambo ya ziwa Tanganyika karibu kutazamana na Kalemie, Michael Huffman na mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, walimwona sokwe jike mgonjwa, Chausiku. Alivunja tawi la mti huu, akatupa ganda na majani, akafyonza maji ya kiini tu. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Mzee Kalunde hakushangaa sana: kwa Watongwe ni dawa ya tumbo.

Tuangalie vizuri: majani njo yenye sumu zaidi, na sokwe aliyaacha. Hata mnyama yuko na kipimo! Mwaka 2006 watafiti wa Nigeria walionyesha kwamba maji ya majani yalikinga ini la panya waliopewa parasetamoli nyingi. Ni habari nzuri, lakini panya si mtu.

Kipimo hicho ndicho tunapoteza. Bibi zetu walipima kwa kiganja na kwa siku. Leo kijana anajaza bidoni, anakunywa wiki nzima. Tena macho ya manjano yanaweza kuwa epatiti B, na hiyo inajulikana kwa kupima damu hospitalini, si kwa kuonja uchungu.

Basi tuketi na bibi wangali hai, tuandike: majani mangapi, maji kiasi gani, siku ngapi, nani asinywe. Munganga atapata kitu cha kuchunguza. Tusipoandika, mubirizi utabaki kwenye uzio, lakini kipimo chake tutakizika pamoja nao.