Nani Anamdhamini Mwanafunzi?

Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi kwenda kusoma Marekani. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi na mwanasiasa wa Kenya, alikuwa amezunguka huko miezi michache kabla, akihutubia na kuomba nafasi vyuoni. Nafasi alizipata. Kilichokosekana ni nauli. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua ya kuwaomba Wamarekani wachange, na huku nyumbani jamaa, majirani na waumini wakachangishana. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na miongoni mwa vijana wa msafara wa 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyefikia chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas.

Itazame safari ile kwa jicho la afisa viza wa leo. Wazazi wengi wa vijana wale hawakuwa na akaunti ya benki, sembuse akaunti yenye fedha za mwaka mzima. Aliyemdhamini kijana alikuwa kijiji chake, kanisa lake, mwalimu wake na jina la Mboya. Leo dhamana ya namna hiyo haiingii katika fomu yoyote. Lakini mila iliyoizaa haijafa: mtoto wa kwetu akipata chuo ng'ambo, bado tunaunda kamati, tunachapisha kadi za mchango, tunafungua kundi la WhatsApp, na baba mkubwa anatangazwa kuwa mweka hazina.

Hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Familia zetu hulinganisha nchi kwa ada, ilhali kinachozitofautisha zaidi ni dhamana: nani anakubalika kumsimamia mwanafunzi, na kwa ushahidi upi. Kila mila ya kusafiri kutafuta elimu ina jibu lake, na majibu hayo hayafanani.

Pwani ilikuwa na jibu la kale. Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alianza kusoma kwa baba yake, akaenda Hadhramaut, akafika Istanbul, Misri na Makka, kisha akarudi Zanzibar kuwa kadhi hadi alipofariki mwaka 1925. Kilichomfungulia milango ni kujulikana alisoma kwa nani. Mwalimu alimwandikia mwanafunzi ijaza, yaani idhini ya kufundisha, na ijaza ilitaja mwalimu wa mwalimu, mpaka mwisho wa mnyororo. Huko Al-Azhar, Kairo, wageni waligawanywa katika riwaki, yaani mabweni ya wanafunzi, kwa asili zao: Wamaghribi, Waturuki, Washamu, na Wajabarti wa Pembe ya Afrika. Riwaki zilikuwa na mali ya wakfu, na mwanafunzi alipewa mgao wa mikate. Tajiri aliyefariki zamani ndiye aliyemlisha kijana ambaye hakuwahi kumwona.

Ni mila ya kupendeza, ila tusiipambe kupita kiasi. Mnyororo wa walimu uliwafaa zaidi waliozaliwa karibu nao. Mwanazuoni Habib Saleh alipowafundisha watu wa tabaka la chini kule Lamu, wapo wakubwa wa mji waliomlaumu. Dhamana ya jina huwabagua wasio na jina, kama vile dhamana ya fedha huwabagua wasio na fedha. Ninachokisifu katika wakfu ni kimoja: gharama ya kumtunza mgeni ilikuwa juu ya mwenyeji.

Ujerumani imebaki na nusu ya wazo hilo. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba iliruhusu majimbo kutoza ada, na baadhi yakaanza kudai takriban euro 500 kwa muhula. Wanafunzi na wananchi walipinga, na kufikia mwaka 2014 majimbo yote yalikuwa yamezifuta. Kwao chuo kikuu ni huduma ya umma kama barabara, na katika majimbo mengi mgeni naye hasomeshwi kwa ada. Baden-Württemberg imejitenga: tangu 2017 inawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Chuo Kikuu cha Ufundi cha München nacho kimeanza kuwatoza wageni. Kwa hiyo anayesema kwamba Ujerumani kusoma ni bure aulizwe: jimbo lipi, chuo kipi?

Hata pale ambapo ada haipo, dhamana ipo, nayo ni nzito. Ubalozi hutaka mwanafunzi aonyeshe kwamba mwaka wa kwanza atajikimu, na njia iliyozoeleka ni akaunti iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango chake ni euro 11,904. Mwanafunzi akishafika na kuifungua rasmi, benki humpa euro 992 kila mwezi, si zaidi. Familia nyingi hushtuka zikisikia kiasi hicho na kukihesabu kama ada. Si ada. Fedha hizo ni za mwanafunzi mwenyewe. Ndizo kodi yake ya chumba, chakula chake na bima yake ya afya inayozidi euro 100 kwa mwezi. Viza ikikataliwa, zinarudi, labda zikipungua makato ya benki. Tofauti hii ina uzito kuliko vijitabu vyote vya mawakala wa vyuo.

Jambo la pili ni kwamba akaunti hiyo huwa kwa jina la mwanafunzi, na inaweza kujazwa na mikono mingi. Shangazi akituma mia mbili na kanisa likatuma elfu moja, zote zinakutana mahali pamoja. Pia ipo njia ya mdhamini anayeishi Ujerumani kutia saini, mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake, ahadi ya kumgharamia mwanafunzi. Bila kukusudia, Wajerumani wametunga utaratibu unaoelewana na harambee.

Wanachodai badala ya ada ni muda na lugha. Masomo mengi ya shahada ya kwanza hufundishwa kwa Kijerumani. Mwenye cheti cha sekondari kisichohesabiwa kuwa sawa na cha kwao hupitia kwanza Studienkolleg, mwaka mmoja wa maandalizi na mtihani wake. Maombi mengi hupitia uni-assist, ofisi ya pamoja ya vyuo ya kukagua maombi ya wageni, inayotoza euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Kwa mihula inayoanza Oktoba, tarehe ya mwisho ya kozi nyingi ni 15 Julai, na hiyo huacha wiki chache tu za viza. Anayesubiri barua ya chuo ndipo aombe miadi ya ubalozi anaweza kuiona Oktoba ikimpita akiwa nyumbani.

Uingereza ni habari nyingine kabisa. Huko ada maalumu kwa wageni ilianza mwaka 1967, na kuanzia mwaka 1980 serikali ya Thatcher ikamtaka mgeni alipe gharama yote ya masomo yake. Tangu hapo mwanafunzi wa ng'ambo ni mteja, na vyuo vingi sasa vinamtegemea ili vijiendeshe. Ufadhili upo, kama Chevening na ule wa Jumuiya ya Madola, lakini walengwa wake wakuu ni wa uzamili na uzamivu, na waombaji ni wengi mno.

Juu ya ada ya mwaka wa kwanza, mwombaji huonyesha fedha za kujikimu kwa miezi isiyozidi tisa. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2025 zilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi nje ya London, na 1,483 ndani yake. Ongeza ada ya viza, iliyokuwa pauni 524 kuanzia Aprili mwaka huo, na tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa yote kabla ya kusafiri. Mwombaji kutoka Kenya, Tanzania au Uganda huhitaji pia cheti cha kupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo visomwe upya kabla ya kulipa chochote.

Mtego hasa uko kwenye sharti moja: fedha hizo ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya wazazi wake au mlezi wake wa kisheria. Baba mkubwa hahesabiwi. Shangazi aliyemlea mtoto tangu darasa la kwanza, bila karatasi ya mahakama, hahesabiwi. Mweka hazina wa kamati mwenye mamilioni ya michango kwenye akaunti yake naye hahesabiwi. Kanuni hii imejengwa juu ya familia ya baba, mama na watoto, na mimi naiona kuwa ni dhuluma kwa jamii ambazo mtoto ni wa ukoo. Hata hivyo afisa hana mamlaka ya kuibadilisha. Michango lazima ihamishiwe kwenye akaunti inayokubalika, maelezo ya ilikotoka yawe tayari, cheti cha kuzaliwa na barua ya wazazi viwepo kama akaunti ni yao, na ndipo siku zianze kuhesabiwa. Harambee inayofanyika wiki mbili kabla ya safari, kama tulivyozoea, inakuwa imechelewa hata ikivuka lengo.

Marekani inachanganya ukarimu na shaka kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Vyuo vyake vikubwa vina hazina zao wenyewe, zilizokusanywa kutoka kwa wahitimu na matajiri kwa vizazi, na kwa maana hiyo vinafanana na riwaki za Kairo kuliko chuo chochote cha Ulaya. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humchagua mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia mfuko wake, kisha hufidia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia yake. Kwa mtoto wa mkulima mwenye alama za juu kabisa, vyuo hivyo vinaweza kuwa rahisi kuliko chuo cha kawaida cha Uingereza. Lakini ni vichache, na wanaoingia ni wachache zaidi. Nje ya mduara huo ada ni kubwa kuliko karibu kote duniani, na nafuu ya nusu ada huacha nusu isiyobebeka.

Chuo kikitosheka na ushahidi wa fedha hutoa fomu I-20, ambayo mwanafunzi huitumia kuomba viza. Mdhamini anaweza kuwa mjomba au hata rafiki wa familia. Kwa hilo Wamarekani ni wapana kuliko Waingereza. Mwanafunzi hulipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwafuatilia wanafunzi wageni, na 185 za viza, kisha anakwenda dirishani kusailiwa kwa dakika chache. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inamtaka afisa amchukulie kila mwombaji kuwa mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo. Hapo dhamana si fedha tena. Ni kuaminika kwamba atarudi. Kijana wa miaka 19, asiye na kazi wala shamba, anaonyesha nini? Anachoweza kueleza ni kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, nani analipa, na kazi gani inamngoja nyumbani, kwa maneno yake mwenyewe. Majibu ya kukariri kutoka kwa wakala humponza. Na lipo jambo lisilo mikononi mwake: Juni 2025 Marekani ilisitisha viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo. Orodha hiyo hubadilika, na ndiyo ya kusomwa kabla ya kulipa hata dola moja.

Kwa familia ya kipato cha kati ya Afrika Mashariki, yenye mwanafunzi aliye tayari kujifunza lugha mpya, hukumu yangu iko upande wa Ujerumani, kwa kuwa fedha za dhamana hubaki kuwa zake na mikono ya ukoo mzima hutambuliwa. Marekani ni ya mwenye ufadhili kamili. Uingereza ni ya mwenye mfadhili, au mwenye fedha ambazo zimekwisha kukusanywa na kutulia.

Ombi langu ni kwa kamati. Wakati mwanafunzi anajaza fomu za chuo, ninyi anzeni kuchangisha. Fungueni akaunti kwa jina lake mapema, kila mchango uingie humo moja kwa moja, na tunzeni daftari la nani alitoa nini na lini. Sherehe ya kumuaga ifanyike baada ya viza kugongwa. Fedha ziwe zimekwisha kuingia miezi mingi kabla yake.