Uaminifu wa Mtafiti Si Mbinu ya Utafiti

Mwaka 1904 jiji la Berlin lilikuwa na farasi aliyesifika kwa kujua hesabu. Hans, mali ya mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, aliulizwa swali naye akajibu kwa kugonga kwato chini mpaka idadi itimie. Tume iliyoongozwa na mwanasaikolojia Carl Stumpf, ambamo alikuwemo hata mwenye sarakasi, ilimchunguza ikakiri kwamba haikuona hila yoyote. Na kweli hila haikuwepo. Kasoro ilikuwa katika swali la tume yenyewe. Kumsaka mdanganyifu ni kazi ya polisi. Mwanasayansi husaka hali ambayo ndani yake maelezo mawili yanayoshindana hayawezi kuzaa jibu lilelile.

Hali hiyo aliibuni Oskar Pfungst, msaidizi wa Stumpf. Ikiwa Hans anajua hesabu, basi ujinga wa muulizaji haumhusu. Pfungst akatumia kadi za namba: safari hii muulizaji aione kadi, safari nyingine asiione. Muulizaji alipoijua namba, Hans alipatia asilimia 98 ya majibu. Asipoijua, asilimia 8 tu. Farasi alikuwa akimsoma mtu. Muulizaji huinama kidogo kutazama kwato, kisha, idadi inapotimia, kichwa chake huinuka kwa kiasi kisichoonekana kwa urahisi, na Hans huacha kugonga. Linalonishangaza zaidi ni kwamba hata Pfungst, aliyekwisha kuijua siri hiyo, alishindwa kukizuia kichwa chake.

Atakayesema hayo ni mambo ya farasi na akumbuke panya wa watafiti Rosenthal na Fode, mwaka 1963. Panya walikuwa wa kawaida tu, lakini baadhi ya wanafunzi waliambiwa wamepewa wa kizazi chenye akili, wengine wa kizazi kizito. Wale wa kwanza wakaripoti kwamba panya wao wanajifunza mzingile upesi zaidi. Dawa, basi, ni kumficha mpimaji jibu linalotarajiwa. Pingamizi lenye uzito dhidi ya hilo hutoka kwa wafanyao mahojiano ya kina: anayemsikiliza mjane akisimulia msiba wake hawezi kufungwa kitambaa machoni, na akifungwa atapoteza kile alichokifuata. Nakubali. Hata hivyo kusikiliza ni hatua moja, kuyaainisha yaliyosemwa ni nyingine. Anayepanga maandishi ya mahojiano katika makundi anaweza asijue nani alipata tiba na nani hakupata, na hilo halimpunguzii mjane utu wake hata chembe.

Kwa hiyo ripoti inayoeleza dodoso kwa kurasa tatu bila kutaja nani alijua nini wakati wa kupima imeacha jambo la msingi, hata mwandishi wake awe mwadilifu kiasi gani. Von Osten naye hakuwa tapeli. Hakuwatoza watazamaji kiingilio, na alifariki mwaka 1909 bila kuyakubali matokeo ya Pfungst.