Tundu la hewa, Toyota na hela ya kahawa

Wadau, leo naacha umbea wa hosteli, naongelea throtobodi. Kwa wasiojua, ni kile kibomba chenye kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta ili injini ivute hewa. Vijana wanatoa ya 60 mm wanafunga ya 70 mm. Piga hesabu ya duara: tundu linaongezeka asilimia 36. Kwa maneno tu, inavutia!

Safari Rali ilipoanza 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth II, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yalipangwa makundi kwa bei ya dukani. Ulihitaji gari lisilovunjika, basi. Viwanda vilipoingia, mbio zikawa za mafundi. Turbo zilipozidi nguvu, FIA wakaibana pua: hewa yote ipite kwenye pete moja, na 1995 pete hiyo ikapunguzwa hadi 34 mm.

Hapo Toyota, hii hii iliyojaa barabarani kwetu, wakafanya kioja. Kwenye Celica zao bomba likishafungwa, pete inasogea kama 5 mm na hewa inapenya pembeni. Mkaguzi akifungua, inarudi mahali pake kama haijui kitu! Walinaswa Rali ya Catalunya kule Hispania, mwaka huohuo wa 1995, wakafutiwa pointi zote na kufungiwa miezi 12. Hata Max Mosley, rais wa FIA, alikiri kwamba ule ufundi ulikuwa wa hali ya juu.

Sasa mdogo wangu hapa Muleba ana Mark II ya zamani, na anataka hela yote ya kahawa ya msimu huu iishie kwenye throtobodi kubwa. Fundi wa Bukoba keshampa bei. Nikamwambia, Toyota walikuwa na sababu, walibanwa palepale. Wewe nani kakubana? Kama chujio la hewa, ekzosi na kontrol boksi ni za kiwandani, tundu la kiwandani linatosha. Utaona gari linaruka ukigusa pedeli, kwa sababu mguso uleule unafungua tundu kubwa zaidi. Kanyaga mpaka chini uone, ni gari lilelile. Halafu ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko Dar, na kisahani hakiwezi kuirudisha.

Kanijibu, "Kaka, wewe si unasoma historia?" Hela ya kahawa bado ipo, angalau hadi jioni hii.