Kuagana Baada ya Kazi

Leo, tukisherehekea jubilei, baadhi ya waanzilishi wa kwaya yetu wanastaafu. Kabla ya kuwaaga, tukumbuke waliotutangulia.

Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake walifika Nzaui, katika Makueni ya leo, wakafungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Desemba 1896 Scott alifariki kwa homa. Katika miaka michache wenzake wengi nao walifariki au kurudi makwao. Timu ile haikupata siku ya kuketi pamoja na kuagana.

Ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, wamisionari Walutheri wa Leipzig walikuwa Ikutha na Mulango. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa, na kazi ya Mulango ikaendelezwa na Africa Inland Mission. Wafanyakazi waliondoka, kazi ya Mungu ilibaki.

Sisi tumepewa neema ambayo wao hawakuipata: kushikana mikono. Mwethya ukimaliza kuchimba matuta, watu hula pamoja, kisha kila mmoja hubeba jembe lake akaenda nyumbani. Mvua ikinyesha, matuta hushika maji.

Baba zetu na mama zetu, Jumapili ijayo besi itapungua na alto itayumba. Hatutaficha. Lakini vijana mliowafundisha watasimama pale mliposimama. Asanteni. Kazi mmeimaliza vyema. Mungu awabariki.