Mlango Wetu Uliposhuka Bandari ya Juba

Watu wengi hapa kambini wakisikia Bandari ya Juba wanafikiria mizigo: magunia ya mtama, mapipa ya dizeli, katoni za sabuni kutoka Uganda zinazopakiwa kwenda Bor na Malakal. Mimi nikisikia jina hilo nakumbuka nyumba. Niliishi pale miezi 14 kuanzia Novemba 2011, nikiwa na miaka 12, na nyumba yetu ilikuwa mlango wa chuma wa rangi ya kijani uliolazwa juu ya masanduku.

Nafanya kazi na vijana, na swali la nyumba linarudi kila wiki. Nyumba nzuri ni ipi? Mmoja anasema ni ile ya tofali kule Kalobeyei. Mwingine anasema acha hizo, nyumba ziko Australia. Na ndugu zetu wa mashirika wanapita na fomu zao: paa linavuja? Chumba kimoja kinalala watu wangapi? Choo kiko mbali? Hayo ni maswali mazuri na sisemi yaachwe. Ila kuna swali ambalo sijaliona kwenye fomu yoyote, nalo nililijua nikiwa bandarini: umeambiwa utakaa hapa mpaka lini?

Tuanze na bandari yenyewe. Mto Nile Mweupe unapitika kwa meli kutoka Kosti, Sudan, mpaka Juba, safari ya zaidi ya kilomita 1,400. Ukipita Juba kidogo kwenda kusini unakutana na maporomoko, na meli haziendelei. Kwa hiyo Juba ni mwisho wa njia. Ndiyo sababu moja kubwa iliyofanya serikali ya Waingereza na Wamisri, mwishoni mwa miaka ya 1920, kuhamisha makao ya mkoa kutoka Mongalla na kuyaleta Juba. Meli zilileta maofisa, chumvi, vitambaa na mabati. Wafanyabiashara Wagiriki walijenga maduka ya mawe, na mengine bado yamesimama.

Mji ukagawanywa kwa madaraja. Viwanja vya daraja la kwanza vilikuwa vikubwa, mwenye kiwanja alipata mkataba wa miaka mingi, na alilazimika kujenga kwa vifaa vya kudumu. Ukishuka madaraja, kiwanja kinakuwa kidogo, muda wa mkataba unafupishwa, na udongo na nyasi vinaruhusiwa. Mpaka leo ukienda Juba utasikia watu wakisema fulani anakaa daraja la kwanza, fulani la tatu. Hapo utaona kwamba muda na ukuta viliandikwa kwenye karatasi moja. Mwenye miaka mingi alijenga kwa mawe. Aliyepewa muda mfupi alijenga kitu ambacho hata kikivunjwa hatalia sana.

Sasa nirudi kwetu. Wazazi wangu walikimbilia Khartoum wakati wa vita vilivyoanza tena 1983. Kama maelfu ya watu wa kusini, waliishia kwenye makazi ya wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji. Sisi tulikuwa Wad al-Bashir, upande wa Omdurman. Baba alikuwa fundi wa kujenga kwa udongo, ule ujenzi wanaouita jalus, ambapo unapanga tope kwa tabaka, unaacha likauke, unaongeza lingine. Alijenga vyumba viwili na uzio wa uwanja. Mwishoni mwa 2003 serikali ya huko ilianza kupanga upya eneo letu, na matingatinga yakaja. Nilikuwa mdogo, nakumbuka vumbi tu.

Baada ya hapo baba alinunua mlango wa chuma. Haboba, yaani bibi yangu, alimwuliza kwa nini anapoteza pesa kwa mlango wakati hata ukuta hatuna. Baba akamjibu: "Mama, ukuta wanaweza kuuangusha. Mlango nitaung'oa mimi mwenyewe."

Kura ya maoni ilipigwa Januari 2011, na tarehe 9 Julai mwaka huo Sudan Kusini ikawa nchi. Watu zaidi ya laki tatu walikuwa wanarudi kutoka kaskazini katika kipindi kile. Baba aling'oa mlango, madirisha mawili na mabati sita, tukapanda lori mpaka Kosti. Hatukuwa peke yetu. Kila familia ilikuwa na milango, vitanda vya kamba, fremu za madirisha, makabati. Watu wa mashirika walishangaa sana: mtu anarudi nyumbani na anabeba dirisha? Lakini kwetu dirisha lilikuwa akiba. Huna benki, huna shamba, una dirisha.

Tulisafiri kwa tishari, ile meli bapa isiyo na injini, inayosukumwa na boti. Siku 19. Tulipita Malakal, tukaingia kwenye mabwawa ya Sudd ambako kuna mafunjo na magugu maji tu, kulia na kushoto, siku baada ya siku. Mlango wetu uliegemezwa ubavuni ukawa kivuli chetu. Tulipofika Bor watu waliimba. Tulipofika Juba watu walilia, na mama alichota maji ya mto akatunawisha uso.

Bandarini tuliambiwa: wiki mbili. Baada ya wiki mbili mtapata usafiri wa kwenda kwenye jimbo la asili yenu, au kiwanja. Sasa jimbo la asili yetu mimi sijawahi kuliona, na kijiji cha baba kilikuwa hakina shule wala zahanati. Tukasubiri kiwanja. Juba ardhi ni ya wenyeji Wabari, mji ulikuwa umejaa watu wapya tangu amani ya 2005, na ukiwa huna mtu anayekujua, jina lako linakaa chini kwenye orodha.

Wiki mbili zikawa miezi. Kwa sababu tuliambiwa wiki mbili, hakuna aliyejenga. Hilo ndilo jambo ninalotaka ndugu msomaji alishike. Baba, fundi wa jalus, alikaa miezi 14 kwenye udongo mzuri wa ukingo wa mto, na hakupanga hata tabaka moja. Tulilala chini ya mwembe kwenye turubai. Mvua za Aprili zilipoanza, tuliweka mlango juu ya masanduku, sisi watoto tukalala juu yake ili maji yapite chini. Mchana mama aliugeuza kuwa meza ya kuuzia chai na kahawa ya tangawizi kwa makuli. Maji tulichota mtoni, hatua chache tu kutoka pale malori ya maji yalipokuwa yakivuta kwa pampu na kwenda kuyauza mjini. Choo kilikuwa mbali na giza lilikuwa karibu. Dada zangu walijifunza kutokunywa maji jioni.

Haboba alikataa kufungua sanduku lake la vyombo. Kila asubuhi alisema, "Labda leo." Alifariki pale bandarini na sanduku limefungwa.

Kwenye ukingo huohuo wa mto kulikuwa na mahema mengine. Baada ya 2005, wageni walipomiminika Juba na vyumba vilikuwa havipo, palifunguliwa hoteli za mahema na baadaye za kontena, na hema moja liliweza kulipiwa zaidi ya dola 100 kwa usiku. Lilikuwa na kitanda, neti, feni, jenereta inanguruma nyuma. Siandiki haya kwa kuwalaumu waliolala mle. Wengi walikuwa Wakenya na Waganda waliotafuta kazi kama mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba turubai ni lilelile. Mgeni wa hotelini alijua tarehe ya kuondoka, na tarehe hiyo ilimpa usingizi. Sisi tulikuwa na wiki mbili zisizoisha.

Mwaka uliofuata, 2012, yalitokea makubwa zaidi. Watu takriban 12,000 waliokwama Kosti walipewa amri ya kuondoka, na Mei na Juni wakaletwa Juba kwa ndege. Wengi mizigo yao ilibaki nyuma. Nakumbuka mama mmoja alikuja bandarini kila wiki kuuliza kama kitanda chake kimefika.

Januari 2013 baba alipata kipande cha ardhi Gumbo, ng'ambo ya daraja. Si kwa hati, kwa maneno ya mzee mmoja mwenyeji aliyesema: "Kaeni, watoto wakue." Basi, maneno hayo tu. Kesho yake baba alianza kukanyaga udongo. Alijenga tukul, ile nyumba ya duara ya udongo na paa la nyasi, na mabati yetu sita akayaweka jikoni. Mlango ulikuwa mpana kuliko tukul inavyotaka, ikabidi ukuta uwe na uso bapa upande mmoja. Majirani walicheka. Mama alifungua sanduku la haboba.

Wengi hapa wanaona tukul ni umaskini na bati ni maendeleo. Mimi nimelala kwenye vyote. Ukuta mnene wa udongo unapokea joto taratibu, kwa hiyo saa nane mchana ndani bado una ubaridi wa asubuhi. Nyasi zina hewa katikati yake na hewa hiyo inazuia jua. Bati halizuii kitu, joto linashuka moja kwa moja kichwani. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Fikiria mtoto aliyeambiwa abaki nyumbani, na nyumba yenyewe ni ya mabati pande zote. Lakini ni kweli pia kwamba nyasi huliwa na mchwa na zinabadilishwa kila baada ya miaka michache. Tukul inataka mtu atakayekuwepo mwaka kesho.

Na Australia? Shangazi yangu alitoka hapa Kakuma akaenda Melbourne 2004, katika kundi kubwa la Wasudan wa miaka ile. Sensa ya huko ya 2006 ilihesabu watu takriban 19,000 waliozaliwa Sudan. Tulidhani amefika peponi. Siku moja Julai alipiga simu akilalamika baridi. Tukacheka: baridi ndani ya nyumba ya wazungu? Akatueleza. Nyumba aliyopanga ni ya mbao, ya zamani. Sheria ya ujenzi ya nchi nzima ilianza kudai nyumba mpya zihifadhi joto mwaka 2003 tu, na za zamani zimebaki kama zilivyo, upepo unapita chini ya mlango. Gesi ya kupasha joto ni ghali, kwa hiyo yeye na watoto wote walilala chumba kimoja. Wakati huo hakuweza kuziba nyufa wala kupigilia msumari bila ruhusa ya mwenye nyumba. Mkataba ni wa miezi 12. Amehama mara tatu kwa sababu mwenye nyumba aliuza.

Simwonei huruma kupita kiasi. Ana maji ya bomba, ana daktari, watoto wamesoma. Lakini kila mwaka anasubiri barua, kama sisi tulivyosubiri orodha. Na Julai 2020, wakati wa korona, majengo 9 ya ghorofa ya serikali katika mitaa ya Flemington na North Melbourne yalifungwa ghafla, watu takriban 3,000 ndani, wengi wao wahamiaji, wakiwemo watu wetu. Polisi walisimama milangoni. Shangazi alikuwa na rafiki mle. Alisema ghorofa ni imara, bomba linafanya kazi, ila siku hiyo mlango haukuwa wa mwenye chumba.

Sisi tuliondoka Gumbo Julai 2016, mapigano yaliporudi Juba. Safari hii baba hakuung'oa mlango. Hakukuwa na muda, na nadhani pia alichoka. Tulifika Kalobeyei mwaka huohuo ilipofunguliwa. Tulipewa turubai na nguzo, na baadaye familia nyingi zikapewa fedha za kujenga zenyewe nyumba za kudumu. Niliona tofauti kwa macho yangu. Watu walewale ambao kwenye turubai hawakufagia hata mlangoni, walipoambiwa "hii ni yako, jenga", walipanda mwarobaini, wakatengeneza baraza, wakagombana na mafundi juu ya kipimo cha dirisha.

Kakuma ilifunguliwa 1992 kama mahali pa kupita. Imepita miaka zaidi ya 30 na kuna wajukuu wa waliopita. Kwa hiyo ombi langu kwa wafanyakazi wa mashirika ni dogo. Kama hamjui tutakaa muda gani, tuambieni hamjui. Msiseme wiki mbili. Mtu akiambiwa ukweli atajua kama apange tope au asipange. Na kwetu wakazi: tusiwadharau wazee wanaojenga kwa udongo, na tusiache vyombo sandukuni.

Mwezi uliopita jirani wa zamani wa Gumbo alimpigia baba simu. Tukul ilianguka kwa mvua, ameweka nyingine palepale, na anatumia mlango wetu. Aliuliza kama tunataka aulipe. Baba alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza kama bawaba bado zinalia. Akasema ndiyo, zinalia. Baba akamwambia azipake mafuta.