Bunduki Ilivyozidi Kuwa Rahisi: Toka Gobori ya Bunkeya Mupaka Kalashi ya Kadogo

Kila mwaka nikifika kwenye somo la mwami Msiri, kuna mwanafunzi ananyoosha mukono na kusema: "Mwalimu, Wazungu walishinda juu walikuwa na bunduki, na wazee wetu walikuwa na mikuki." Darasa lote linakubali. Mimi najibu: hapana. Wazee wetu walikuwa na bunduki pia, tena nyingi. Bunkeya ilikuwa mji wa bunduki. Basi wanafunzi wananyamaza, halafu mumoja anauliza: "Sasa tofauti ilikuwa wapi?"

Hii makala ni jibu langu kwa huyo mutoto. Bunduki zote zinaua. Lakini bunduki hazifanani namna zinavyoomba kitu kwa mutu anayezishika. Kuna bunduki inaomba nguvu, uvumilivu na miaka ya kufundishwa. Kuna ingine inaomba kidole kimoja tu. Tukifuata hiyo tofauti, tunaelewa vizuri historia ya inchi yetu toka 1850 mupaka leo.

Kwa kila bunduki nitauliza maswali matatu. Mutu anaipakia namna gani? Mwili wake unakaa namna gani wakati wa kuitumia? Na inamuchukua wakati gani kuijifunza?

1. Gobori, bunduki ya kushindilia

Msiri alitoka Unyamwezi, upande wa mashariki wa Tanganyika, akafika Katanga katikati ya karne ya 19. Jina lenyewe la Bayeke linatoka katika chama cha wawindaji wa tembo kule kwao. Hao watu walijua bunduki mbele ya kujua ufalme. Wakapeleka pembe za tembo, shaba na, tuseme ukweli, watumwa, kwa wachuuzi wa pande mbili: upande wa magharibi njia ya Benguela, upande wa mashariki njia ya Zanzibar. Kwa malipo walipata vitambaa, baruti na bunduki.

Zile bunduki nyingi zilikuwa za gumegume, maana yake za jiwe la cheche. Viwanda vya Liège kule Ubeleji na vya Birmingham kule Uingereza vilizitengeneza kwa bei ndogo kwa ajili ya biashara ya Afrika. Tuangalie kazi yake. Mwindaji anasimamisha bunduki, anamwaga baruti kwa mudomo wa kasiba, ndiyo lile bomba la chuma. Anaweka kitambaa ao nyuzi za muti, anaweka risasi ao kipande cha chuma ao cha shaba, anashindilia na ufito. Halafu anatia baruti kidogo kwenye kisahani cha pembeni, anavuta nyundo nyuma. Hapo tu ndiyo iko tayari kupiga mara moja. Hata askari wa Ulaya aliyezoea sana hakupita mara mbili ao tatu kwa dakika.

Na mwili? Bunduki ilikuwa ndefu, ilipita meta 1,30, kwa hiyo mutu anapaswa kusimama ili aipakie. Mwenye kusimama katika majani anaonekana. Mvua ikinyesha, baruti ya kisahani inalowa na bunduki inakuwa fimbo. Gashete ikivutwa, cheche inaruka karibu na jicho, kunapita kitambo kidogo sana, ndipo risasi inatoka. Katika hicho kitambo mwindaji hapaswi kufumba macho wala kutikisika. Moshi mweupe unamufunika, na kila mutu anajua yuko wapi.

Baba mukubwa wangu alikuwa mwindaji wa gobori. Mutoto wa kwanza aliyemufuata porini alibeba mufuko wa baruti misimu miwili bila kugusa bunduki. Musimu wa tatu alifundishwa kuisafisha. Kupiga kulikuja mwisho, mbele ya wazee. Wakati nilikuwa mudogo niliona ni ukali tu. Leo naona sababu: ukiweka baruti nyingi, bunduki inapasuka mikononi mwako. Ugumu wa bunduki ulisaidia sheria ya wazee.

Gobori ilikuwa na uzuri wake pia. Muhunzi wa kijiji aliweza kuitengeneza ikiharibika. Risasi zake zilitoka katika chuma na shaba ya hapa. Kwa mukono ilikuwa ngumu, lakini haikumufunga mwenyewe kwa kiwanda chochote, isipokuwa kwa baruti.

2. Ushahidi wa Bruxelles

Kama mutu anafikiri kwamba nazidisha umuhimu wa hiyo tofauti, amuulize Muzungu mwenyewe. Tarehe 2 Julai 1890 serikali za Ulaya na zingine zilitia sahihi Mapatano ya Bruxelles. Yalisemwa kuwa ya kumaliza biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na sheria ya silaha kwa sehemu kubwa ya Afrika: bunduki za namna mupya, zenye mikwaruzo ya kuzungusha risasi ndani ya kasiba, zisiingie tena, isipokuwa kwa ruhusa ya serikali. Lakini bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara ziliweza kuendelea kuuzwa kwa masharti.

Wanafunzi wangu, na ninyi wasomaji, mufikiri vizuri hapa. Wakubwa wa Ulaya walikaa mezani wakapanga kwamba Mwafrika aweze kununua bunduki ngumu, na bunduki rahisi zibaki kwa serikali.

3. Albini ya Bula Matari

Askari wa Force Publique walipewa Albini, bunduki ya jeshi la Ubeleji toka 1867. Ilikuwa ndefu karibu meta 1,35 na uzito wake ulipita kilo 4. Kwa kuibeba, basi, haikushinda gobori. Tofauti ilikuwa nyuma ya kasiba. Pale kulikuwa na kifuniko cha chuma chenye bawaba. Askari anavuta nyundo, anainua kifuniko kwenda mbele, kikopo cha zamani kinatoka, anaingiza kartushi mupya, anafunga, anapiga. Katika kartushi, baruti, risasi na kiwashio viko pamoja ndani ya shaba ya njano. Mvua haimuhangaishi sana. Hakuna kupima baruti wala ufito.

Kwa mwendo huo aliweza kupiga karibu mara kumi kwa dakika, na tena amelala chini. Hiyo ya kulala ndiyo kubwa. Mutu wa gobori anasimama wima kushindilia. Mutu wa Albini amelala nyuma ya kichuguu, anapakia bila kuinua kichwa.

Msiri mwenyewe hakufa katika vita ya kupangana. Tarehe 20 Desemba 1891 kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs alimupiga na bastola katika ugomvi, na Bodson naye akapigwa risasi hapohapo na mutu wa Msiri. Wakati huo ufalme ulikuwa umechoka tayari: Basanga walikuwa wameasi mwaka uleule wa 1891. Lakini katika vita ya 1892 mupaka 1894, kati ya Bula Matari na wakubwa Waarabu na Waswahili wa Maniema, tofauti ilionekana wazi. Pande zote mbili wapiganaji karibu wote walikuwa Waafrika. Wale wa Maniema walikuwa na bunduki kadhaa za namna mupya, lakini wengi wao walishika gobori. Dhanis aliteka Nyangwe katika Machi 1893, na Kasongo katika Aprili. Bunduki peke yake haielezi yote. Ngongo Lutete, aliyegeuka upande wa serikali katika 1892, alileta wapiganaji wake wengi. Lakini Albini ilisaidia sana.

Urahisi wa Albini ulikuwa na mukia wake. Kartushi haitengenezwi na muhunzi wa kijiji. Kila moja ilipaswa kutoka ghala la serikali, na serikali ilizihesabu. Katika pori za mipira, askari aliombwa kuonyesha kwamba hakupoteza kartushi kwa kuwinda nyama. Alionyesha namna gani? Alileta mukono wa mutu uliokatwa. Picha za watu waliokatwa mikono zinajulikana dunia nzima. Bunduki iliyopunguzia askari kazi ilizaa hesabu ya namna hiyo.

4. Mauser, risasi tano kwa mara moja

Katika 1889 Ubeleji ulichagua Mauser ya milimeta 7,65, na kiwanda cha FN kikazaliwa Herstal mwaka uleule kwa kuitengeneza. Hapa risasi tano zinashikwa pamoja na kipande cha chuma, na kidole gumba kinazisukuma zote ndani kwa mara moja. Baruti yake haitoi moshi mwingi. Mupigaji haonekani tena. Mukono wa kuume unainua kishikio, unavuta nyuma, unasukuma mbele, unashusha. Kwa mutu wa kuume ni muzuri kabisa. Kwa mutu wa mukono wa kushoto ni taabu, maana kila mara anapaswa kupitisha mukono juu ya bunduki.

Serikali haikuharakisha kuwapa askari weusi hiyo bunduki. Mwanzo wa vita ya 1914, Albini ilikuwa bado mikononi mwa askari wengi wa Force Publique. Mauser na silaha zingine mupya zilikuja vita ikiendelea, na katika Septemba 1916 askari wetu waliingia Tabora. Kumbe Unyamwezi uleule ambako Msiri alitoka na gobori!

5. FAL na kalashi

Nyuma ya vita ya pili ya dunia, FN ilitengeneza FAL. Katika miaka ya 1960 ilienea sana katika inchi yetu. Majandarmu wa Katanga ya wakati wa kujitenga (1960–1963) walikuwa nayo. Inapima zaidi kidogo ya kilo 4 bila risasi, na urefu wake ni karibu meta 1,09. Ina risasi 20, na inajipakia yenyewe.

Kalashi ilitoka Urusi. Mikhail Kalashnikov aliibuni, na jeshi la Wasovieti likaichagua katika 1949. Urefu wake ni karibu sentimeta 87, risasi zake 30.

Ni ipi iliyo rahisi? Hapa watu wanabishana, na jibu linategemea mutu. Kwa askari aliyefundishwa, FAL imepangwa vizuri zaidi kwa mwili. Kidole gumba cha kuume kinafikia kifungo cha usalama bila kuachilia kishikio. Mukono wa kushoto ndio unavuta mutambo, wa kuume unabaki pahali pake. Kwa kalashi, kifungo ni kipande kirefu cha chuma upande wa kuume, kigumu, kinalia "kla!", na mukono unapaswa kuacha kishikio ili ukifikie. Kwa hiyo mwalimu wa jeshi angesema FAL inashinda.

Lakini FAL inasukuma bega sana. Ikipigwa mufululizo, inaruka juu hata kwa mutu munene. Inataka pia kusafishwa. Kalashi ni fupi, risasi yake ina nguvu ndogo kidogo, vipande vyake vya ndani ni vichache, na vina nafasi kati yao, kwa hiyo vumbi na matope haviisimamishi upesi. Kwa mutu asiyefundishwa, kalashi inashinda. FAL ilifikiriwa kwa askari wa kambi. Kalashi ilifikiriwa kwa mukulima aliyeitwa vitani jana.

Na kama mukulima anaiweza bila masomo, mutoto naye anaiweza.

6. Kadogo

Katika Aprili 1997 askari wa AFDL waliingia Lubumbashi. Mimi nilikuwa na miaka 14. Kati yao kulikuwa na watoto walioitwa kadogo, wengine wadogo kunishinda. Mumoja alisimama karibu na soko, amevaa buti za mvua, kalashi imemufikia magotini. Baba mukubwa wangu, yule wa gobori, alikuwa amekuja mujini kutibiwa. Alimwangalia kwa muda murefu, akaniuliza: "Huyu alibeba baruti ya nani?"

Sikuelewa siku ile. Alikuwa anauliza: huyu mutoto alifundishwa na nani, alipita mbele ya wazee gani? Jibu lilikuwa: hakuna. Bunduki haikumuomba miaka ya kubeba mufuko, haikumuomba nguvu ya mabega, haikumuomba kujua baruti. Gobori ingemukataa. Albini, ndefu na nzito, ingemushinda. Kalashi ilimukubali siku ya kwanza.

Mutanisikia vibaya mukifikiri nasifu zamani. Gobori ilikamata watumwa, tusisahau. Na chuma hakina kosa peke yake: kuna mutu mukubwa aliyemupa kadogo ile kalashi mukononi. Mahakama ya La Haye ilimuhukumu Thomas Lubanga katika 2012 kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita ya Ituri, na sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumuingiza mutoto katika jeshi ao kikundi cha silaha.

Lakini nasema hivi: zamani ugumu wa bunduki na sheria ya wazee vilitembea pamoja kama ndugu wawili. Kiwanda kiliua ugumu, kidogo kidogo, kwa miaka mia moja. Sheria ilibaki peke yake, na sisi hatukuiongezea nguvu. Wazee waliofundisha kushika bunduki walifundisha pia siku ya kuiweka chini, na hiyo sehemu ya pili ndiyo hatukuipokea.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza tena tofauti ilikuwa wapi, namujibu kwanza na kifuniko cha Albini na kipande cha risasi tano za Mauser. Halafu namuuliza swali la baba mukubwa wangu. Darasa linanyamaza tena, lakini hapo kila mutu anajua tunaongea juu ya leo.